Tandala mzee hajaisha, kajificha: jibu kwa msomaji anayetaka kichaka kifyekwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu vichaka vya huku kwetu Manyoni. Yeye anasema kichaka kilicho nyuma ya kijiji chao ni pori tupu. Ameishi hapo miaka sita na hajaona mnyama zaidi ya digidigi na ngedere. Tena anasema wageni wa uwindaji waliokuja mwezi wa tisa kwenye kitalu cha uwindaji cha jirani walikaa majuma mawili wakitafuta tandala mwenye pembe kubwa, wakaondoka bila kufyatua risasi hata moja. Kwa hiyo, kwa maoni yake, tandala wakubwa wamekwisha, na kichaka kigawiwe vijana wakifyeke walime ufuta.

Barua hiyo nimeisoma mara tatu. Sina ugomvi na ndugu yangu huyu, wala sidharau jembe. Mimi mwenyewe nina ekari nne za uwele na alizeti, na mizinga kumi na minne ya nyuki. Lakini tangu 1987 hadi 2014 nililisha watoto wangu kwa kufuata nyayo. Nilikuwa traka, katika vitalu vya Rungwa, Kizigo na Muhesi, na mnyama niliyemfuata kuliko wote ni tandala dume. Nimeshindwa kulala nikifikiri kwamba kichaka kinaweza kufyekwa kwa sababu ya ushahidi kama ule. Kutomwona tandala mzee si ushahidi wa kitu chochote. Mahali anapoishi na mahali asipoishi, kwa mtu anayepita njiani mchana, panafanana kabisa.

Nianze na mnyama mwenyewe, maana wengi wanamjua kwenye picha tu. Namzungumzia tandala mkubwa. Dume aliyekomaa huvuka kilo 200, na wengine hukaribia 300. Miguu mirefu, shingo nene yenye manyoya yanayoning'inia kuanzia kooni hadi kifuani, na mistari myeupe myembamba inayoshuka ubavuni kama chokaa iliyochuruzika ukutani. Pembe zake zimesokotwa. Wazee wetu walizitoboa wakazifanya baragumu, na pembe ya kwanza mimi kuigusa ilikuwa nyumbani kwa babu mzaa mama, imetundikwa juu ya mlango ikingoja siku ya kuitana. Pembe hizo huanza kuchomoza kabla mtoto hajatimiza mwaka, na hukua naye mpaka afe. Akifika miaka miwili hivi, pembe imemaliza mzunguko wa kwanza. Ikifika mizunguko miwili na nusu, huyo ana miaka sita au zaidi, na ncha zake zimesuguliwa mpaka zimekuwa nyeupe kama za ndovu. Rangi ya mwili nayo hubadilika. Kijana ni wa kahawia. Mzee manyoya yamepungua, amekuwa wa kijivu kinachoelekea bluu, kama moshi wa kuni mbichi.

Madume wachache sana hufika huko. Kuna simba, kuna kiangazi kirefu, kuna risasi na kuna waya. Dume wa miaka minane porini ni mzee kwelikweli.

Sasa tofauti ya kijana na mzee. Dume wa miaka mitatu ukivunja kijiti anainua kichwa, anageuza yale masikio yake mapana, anasimama peupe akijiuliza wewe ni kitu gani. Akishtuka anakimbia hatua hamsini, halafu anasimama na kugeuka kutazama nyuma. Kugeuka huko kumeua tandala wengi kuliko ujuzi wa mwindaji yeyote niliyemfanyia kazi. Mzee hageuki. Wale waliokuwa na tabia ya kugeuka walikwisha wakiwa vijana, na huyu aliyebaki ama hakuwa nayo au alijifunza siku mwenzake alipoanguka kando yake.

Watu hudhani mzee anakimbia sana. Kinyume chake, anasimama tu. Amesimama ndani ya kivuli, kichwa nyuma ya shina, ile mistari ya ubavuni imechanganyika na vijiti, pembe zimekuwa matawi, na anakuacha upite. Siku moja, mwaka 1996, nilipita hatua kama kumi na tano kutoka kwa dume wa namna hiyo nikiwa nafuata nyayo zake mwenyewe, macho yangu yakiwa chini. Sikumwona. Aliyemwona ni kijana aliyebeba maji, wa mwisho kwenye mstari, kwa sababu sikio moja lilitikisika kufukuza nzi. Kijana aliponong'ona, sikio halikuwepo tena, wala shina halikuwa na kitu nyuma yake. Hatukusikia hata jani.

Na upepo. Huku kwetu upepo wa kiangazi hutoka mashariki. Alfajiri umetulia, saa tatu unaamka, saa sita mchana unavua watu kofia. Nilitembea na kifuko cha kitambaa chenye majivu; nakitikisa, natazama majivu yanakoelekea. Yeye hahitaji kifuko. Malalo yake ya mchana, kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni, nimeyakuta mara nyingi mno mahali pa aina moja: mlimani, katikati ya mteremko, upepo ukija kutoka mgongoni mwake na macho yakitazama bondeni. Ukimjia kwa juu, harufu yako imetangulia. Ukimjia kwa chini, amekuona tangu ulipotoka kwenye miti. Halafu usiku anashuka kunywa na kula, na kabla hakujapambazuka amekwisha kurudi. Wakati wa mibuyu kudondosha maua, mwezi wa kumi na moja hivi, utakuta chini ya mbuyu kwato zake zimejaa kama za ng'ombe josho, na hakuna mtu aliyemwona.

Kuna kipindi kimoja tu tahadhari hiyo inalegea. Mvua zikiisha na baridi ya kipupwe ikiingia, madume wakubwa hutoka kwenye upweke wao wakajiunga na majike. Hapo mzee anatembea mchana, hasikilizi, pua yake iko kwa jike. Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai, na mgeni anayefika siku hizo anaweza kumkuta bado. Anayekuja Septemba atakuta majike, watoto na madume vijana. Mzee amerudi kwenye kichaka chake. Wageni anaowataja ndugu yangu walikuja mwezi wa tisa! Mimi ningewaambia hivyo siku ya kwanza, kabla hawajashusha mizigo.

Nimesema pua na upepo, lakini nisingeelewa vizuri nilichokuwa nakiona kwa macho yangu kama nisingekutana na mtu mmoja. Mwaka 2004 nilimwongoza mgeni mkulima kutoka jimbo la Wisconsin, Marekani. Mtu wa makamo, hana haraka, na jioni kando ya moto alipenda kuniuliza maswali, mwindaji bingwa, yaani kiongozi wa msafara wa uwindaji, akitutafsiria. Kwao wana kulungu mkia mweupe. Si mkubwa kama tandala. Dume mkubwa anazidi kilo mia kidogo. Wapo mamilioni nchi nzima, wanakula mahindi na hata maua ya bustanini. Nikamwuliza, kama wako wengi hivyo, kwa nini mtu ahangaike?

Akanieleza kwamba dume wa mwaka mmoja na nusu hata mtoto anaweza kumpiga, lakini dume wa miaka mitano ni mnyama mwingine kabisa. Msimu wao wa bunduki ni siku tisa tu, mwishoni mwa Novemba, na katika jimbo lake peke yake watu zaidi ya laki tano hununua leseni. Sheria ya wakati ule iliwataka wavae nguo za rangi ya chungwa inayowaka ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe, na haiwaumizi kitu, maana macho ya kulungu hayatofautishi rangi hiyo na majani. Asubuhi ya kwanza milio ya bunduki inasikika kila upande. Baada ya hapo dume mzee haonekani tena mchana. Na haendi mbali, mgeni alisisitiza hilo. Analala kwenye kijisehemu cha nyasi ndefu nyuma ya ghala, au kwenye kichaka kidogo kando ya barabara ya magari, mahali ambapo hakuna mwindaji anayejisumbua kutazama. Yeye mwenyewe alikuwa na dume mmoja kwenye shamba lake aliyempiga picha usiku kwa kamera ya kufungwa mtini miaka mitatu mfululizo. Mchana hakuwahi kumtia machoni hata mara moja. Alinitajia pia Milo Hanson wa Saskatchewan, Kanada, aliyepiga mwezi Novemba 1993 dume mwenye pembe za aina wanayoiita ya kawaida, yaani zilizolingana pande zote mbili, zilizovunja rekodi zote za aina hiyo. Hanson alikuwa mkulima, na mnyama yule alikuwa akiishi kwenye mashamba ya majirani, si katika msitu wa mbali. Watafiti wa huko wamewavika madume kola zinazofuatiliwa kwa setilaiti na kuona jambo hilohilo: bunduki zikiingia, mzee hupunguza mwendo wa mchana na kuhamia kwenye uficho mzito.

Novemba ndio mwezi wao wa kupandana, na ndipo naye hulegea, kama tandala wetu kwenye kipupwe.

Lakini jambo lililonikaa moyoni zaidi ni la pembe. Pembe za kulungu hudondoka kila mwaka wakati wa baridi, na nyingine huota upya. Theluji ikiyeyuka, watu wa kwao hutembea mashambani kuzitafuta. Dume ambaye hawakumwona msimu mzima huacha pembe zake chini, nao wakiziokota wanajua amepona, bado yupo. Nilifikiri sana juu ya hilo. Tandala hadondoshi kitu. Pembe zake anakufa nazo. Kwa hiyo kwetu sisi hakuna cha kuokota kitakachomthibitishia mtu asiyejua nyayo. Kuna unyayo, kinyesi, kichaka kilichovunjwavunjwa kwa pembe na udongo uliotifuliwa kwa ncha zake, basi. Mvua moja ikinyesha, vyote vimefutika.

Kusoma vitu hivyo nilifundishwa na mzee mmoja wa Kisandawe kutoka upande wa Kwa Mtoro, Mungu amrehemu. Hakuwa msemaji. Alinionyesha kwamba kwato za tandala ni nyembamba na zinakutana mbele kama kichwa cha mshale, wakati za pofu ni pana na za mviringo. Alinionyesha kutazama mistari ya wadudu wa usiku: ikiwa imepita juu ya unyayo, unyayo ni wa jana, ikiwa unyayo umeikata mistari, mnyama kapita alfajiri. Nikimwuliza "babu, amekwenda mbali?" alikuwa anachukua kinyesi, anakibonyeza kwa vidole, ananipa na mimi nikibonyeze, bila jibu.

Kwa elimu hiyo ndipo nilipomfahamu dume wa kwato iliyopasuka. Mguu wa mbele wa kushoto, upande wa nje, ulikuwa na ufa ulioacha mstari mwembamba mchangani. Tulimfuata misimu mitatu, 2005, 2006 na 2007, kwenye kambi moja karibu na mto Kizigo. Wageni wanne tofauti. Tuliamka saa kumi alfajiri, tukapanda gari, tukaenda kilomita thelathini, kumbe tunaona nyayo zake za juzi na za juzi yake. Mgeni wa mwisho alikuwa na siku ishirini na moja. Siku ya kumi na nne mpishi alinilalamikia kwamba kuna ng'ombe wa mtu wanaopita njia yake ya maji. Porini, ndani ya pori la akiba, ng'ombe? Nikaenda kutazama.

Ilikuwa kwato ile yenye ufa. Ilikuwa juu ya alama ya kandambili za mpishi za jana jioni, na chini ya alama za kandambili zilezile za asubuhi hiyo. Alipita kati ya mpishi na mpishi. Nikazifuata polepole, na sikwenda mbali. Hatua sitini nyuma ya shimo la taka la kambi kulikuwa na kichaka kisichozidi ukubwa wa uwanja wa mpira, ambacho sote tulikipita kila siku tukienda kujisaidia. Ndani yake palikuwa na malalo. Kinyesi cha umri wa namna tatu: kibichi cha kung'aa, kikavu cha kahawia, na kile kilichopauka kabisa. Alikuwa analala pale. Kila alfajiri alisikia injini yetu ikiwaka, akasikia gari likiondoka, akaendelea kucheua.

Nilipiga magoti pale kwa muda mrefu. Nikawaambia wenzangu, kwa sababu ndiyo kazi niliyolipwa, na kesho yake gari liliondoka na dereva peke yake ili asikie mlio uleule, na sisi tukaingia kwa miguu, upepo ukiwa mzuri. Tulisikia sauti moja ya kubweka, nzito, kama mtu aliyekohoa ndani ya pipa. Kisha kidevu juu, pembe zimelala mgongoni, akapenya kwenye kichaka ambacho mimi naingia kwa kutambaa. Niliona mkia mweupe kwa chini na vumbi. Hakulala tena pale.

Siku ya ishirini na moja mgeni yule alipiga dume mwingine, kijana ambaye pembe zake hazijatimiza mizunguko miwili, asirudi kwao mikono mitupu. Nilibeba kichwa kile mpaka kwenye gari na sikuona fahari. Simba wetu sheria inataka awe na miaka sita ndipo apigwe, na natamani siku moja niandike barua nyingine kuhusu tandala katika hilo. Leo naliweka kando.

Mwezi wa nane 2009 nilimkuta yule wa kwato iliyopasuka. Ilikuwa nje ya mpaka wa pori la akiba, kwenye ukingo wa kichaka kama hiki anachokitaja ndugu yangu. Waya wa breki ulikuwa umemkaba shingo, umefungwa kwenye shina la mti, na ardhi yote kuzunguka shina ilikuwa imechimbwa kwa miguu yake. Aliyetega hakurudi hata kuchukua nyama. Imeoza. Nilipima pembe moja kwa kamba ya katani, nikiifuata misokoto yake kutoka chini hadi nchani, na nilipoitandaza kamba nyumbani ilikuwa inchi 53. Pembe zenyewe sikuzigusa zaidi ya hapo, kwa kuwa ni nyara za Serikali. Niliweka matawi juu, nikaendesha baiskeli kwenda kuwaita askari wa wanyamapori.

Nimejiuliza kwa nini mnyama aliyetushinda misimu mitatu, sisi na darubini zetu, akamatwe na waya wa baiskeli. Waya hauna pumzi. Ukikaa siku nne hauna harufu ya mtu. Hauvunji kijiti. Na mzee ana mapito yake, yaleyale, membamba, kichaka hadi maji. Lakini hapo mwanzoni alikuwa na mapito mengi. Nilikijua kichaka kile. Mwaka mmoja kabla, upande wake wa kusini wote ulikuwa umefyekwa na kuchomwa moto kwa ajili ya mashamba, na kati ya mlima anakolala na korongo lenye maji ilikuwa imebaki njia moja tu yenye uficho. Mtegaji hakuhitaji akili. Alihitaji kutazama ni wapi kumebaki kijani.

Hapa ndipo nataka ndugu yangu msomaji anisikilize. Ule ujanja ninaousimulia hauko kichwani mwa tandala peke yake. Nusu yake iko kwenye kichaka. Mchukue dume mzee kuliko wote, mweke kwenye shamba la alizeti lililovunwa, atakuwa mjinga kama ndama. Na vichaka vyetu hivi si vichaka vya kila mahali. Vinaitwa vichaka vya Itigi hata na wataalamu wa nchi za mbali, vimefungamana kiasi kwamba mtu mzima anatambaa, na mbali na huku kwetu vinapatikana Zambia, kule kati ya ziwa Tanganyika na Mweru Wantipa. Kipande kilichofyekwa karibu na Itigi nikiwa kijana mpaka leo ni nyasi na visiki. Waliolima pale walipata ufuta mzuri misimu mitatu, wa nne ukadumaa, wakahamia kipande kingine. Nyuki wangu wanalijua hilo kuliko mimi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeuweka uamuzi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa wanakijiji wenyewe, katika mkutano mkuu. Namwomba ndugu yangu, na mwenyekiti wake wa kijiji, na hao vijana, suala hili likiletwa mkutanoni wasiseme "hakuna kitu mle". Waseme wanachotaka kusema kuhusu njaa, kuhusu ada za shule, kuhusu ardhi kuwa finyu. Hayo ni ya kweli na yanastahili kujibiwa kwa ukweli. Kama lazima kipande kikatwe, kiachwe kichaka kuanzia mlimani hadi korongoni, kipana, mtu atembee hatua mia tatu kukivuka, kisiwe uchochoro wa mtega waya. Na mitego ya waya iliyomo ing'olewe kabla ya panga la kwanza, maana mnyama anayekimbia mapanga ataingia humo humo.

Tena ninamkaribisha. Kijiji chake na nyumbani kwangu ni saa mbili kwa baiskeli. Jumanne iliyopita nikitoka mizingani, kwenye mchanga wa korongo upande wa kichaka anachokiita kitupu, nilikuta unyayo. Kwato nyembamba, ndefu kuliko kiganja changu bila kuhesabu vidole, hatua zimeachana sana, ncha zimeburuza kidogo kama waburuzavyo wazee. Mistari ya wadudu ilikuwa imekatwa. Nimeuzungushia mawe madogo ili mbuzi wasiukanyage. Mvua bado hazijaanza, kwa hiyo akija wiki hii atauona. Aje kabla ya saa moja asubuhi, na asije na mbwa. Mimi nipo siku zote isipokuwa Jumamosi, siku ya mnada.

Msomaji wako,
Traka mstaafu,
Manyoni, Singida